Bakteria Asiye na Jina: Jinsi Spishi Mpya ya Mwilini Inavyotambuliwa

Mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, pamoja na wenzao walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vitovu vya watu 60. Kukusanya sampuli ilikuwa kazi nyepesi: kijiti chenye pamba kinazungushwa kitovuni, kinatumbukizwa kwenye kichupa, kichupa kinapelekwa maabara. Walichokikuta hakikuwa chepesi. Vitovu hivyo vilitoa aina 2,368 za bakteria, na hakuna hata aina moja iliyokuwamo kwa watu wote 60. Aina zaidi ya 2,100 zilionekana kwa chini ya mtu mmoja kati ya kumi.

Hapo ndipo wengi wetu huruka hatua. "Aina 2,368" ikifika masikioni inageuka "spishi 2,368", na zile zisizofanana na chochote kilichokwisha kuhifadhiwa zinageuka "spishi mpya zilizogunduliwa". Watafiti wenyewe hawakulitumia neno spishi hivyo. Walichohesabu ni makundi ya mifuatano ya DNA, yaani herufi za urithi zilizofanana kiasi cha kutosha kutiwa kapu moja. Hizo ni nyayo. Ukiona nyayo mpya kwenye tope unajua kuna mnyama amepita, na pengine unaweza kubahatisha ni wa jamii gani. Lakini bado hujamwona, hujui anakula nini, na huna uhakika kama nyayo mbili zinazotofautiana kidogo ni za wanyama wawili au za mmoja aliyechechemea.

Habari za bakteria wapya wa mwilini zinatoka kila mara, kutoka mdomoni, tumboni, puani, kwapani. Naona inafaa kuujua umbali uliopo kati ya nyayo na mnyama, kwa sababu ndani ya umbali huo ndimo sayansi yenyewe ilimo.

Spishi ni nini kwa kiumbe asiyeoana?

Kwa wanyama tuna kipimo kinachoeleweka. Dume na jike wakizaliana, na watoto wao nao wakaweza kuzaa, hao ni spishi moja. Farasi na punda wanazaa nyumbu, lakini nyumbu kwa kawaida hazai, kwa hiyo farasi ni farasi na punda ni punda.

Bakteria hana dume wala jike. Anakua, anajigawa, wanakuwa wawili. Kipimo cha kuzaliana hakina pa kushika. Kibaya zaidi kwa anayetaka kupanga mambo vizuri, bakteria hupeana jeni ubavuni, yaani si kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto tu, bali kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani, hata kama hawana undugu wa karibu. Ndivyo usugu wa dawa unavyoenea. Fikiria mtu akikaa na jirani yake kwa mwaka mmoja kisha achukue rangi ya macho yake. Ukoo wa aina hiyo utauchoraje?

Na sura haisaidii sana. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliuweka ukoga wa meno yake chini ya kioo alichokitengeneza mwenyewe, na mwaka 1683 akaiandikia barua Jumuiya ya Kifalme ya London, chama cha wanasayansi, kueleza viumbe vidogo alivyoviona vikienda mbio humo. Alichora maumbo yao. Maumbo hayo ndiyo karibu yote tuliyonayo hadi leo: mviringo, kijiti, ond. Mwaka 1884 Hans Christian Gram akaleta mbinu ya rangi inayowagawa bakteria wengi katika makundi mawili, wanaobaki zambarau na wanaogeuka waridi, na hospitali bado zinaitumia kila siku. Lakini ukisema umempata bakteria wa umbo la kijiti mwenye rangi ya waridi, ni sawa na kusema umemwona mtu mwenye shati.

Kwa hiyo wanasayansi walilazimika kukubaliana juu ya mpaka. Nasema kukubaliana kwa makusudi. Mpaka wa spishi kwa bakteria umewekwa na watu, kwa sababu nzuri, na umesogezwa zaidi ya mara moja.

Kumwotesha

Kwa muda mrefu, kumjua bakteria kulimaanisha kumwotesha. Kwenye maabara kazi huonekana hivi. Kuna sahani ya duara, bapa, iliyojaa agari, kitu kama jeli kinachotokana na mwani na kuchanganywa na chakula. (Wazo la kutumia agari lililetwa na Fanny Hesse, aliyeizoea jikoni kwake, na likaingia maabara ya Robert Koch, mtaalamu wa bakteria wa Ujerumani, kupitia mume wake.) Mtaalamu anashika waya wenye kitanzi kidogo mwishoni, anauchoma kwenye moto hadi uwe mwekundu, anaacha upoe, anagusa sampuli, kisha anachora mistari ya kwenda na kurudi kwenye ukingo mmoja wa sahani. Anauchoma tena, anaanzia mwisho wa mistari ile ya kwanza, anachora mingine. Anarudia. Kila mara anaburuta bakteria wachache zaidi, mpaka mistari ya mwisho inapobeba seli mojamoja, zilizoachana. Kesho yake, kwenye mistari ya kwanza kuna utando mzito, na kwenye ile ya mwisho kuna vidoa, kila kidoa peke yake, chenye ukingo wake na mng'ao wake. Kidoa hicho ni koloni, na kwa kawaida koloni ni uzao wa seli moja. Sasa una bakteria aliye safi, asiyechanganyika, unayeweza kumpima.

Shida ni kwamba bakteria wengi hawaoti kwenye sahani hiyo. Waliochunguza maji na udongo waliliona hili zamani: chini ya hadubini unahesabu seli nyingi, kwenye sahani zinaota chache mno, na mwaka 1985 James Staley na Allan Konopka waliipa tofauti hiyo jina lake la kitaalamu. Mwilini ni vivyo hivyo. Wengi wa utumbo mpana hufa wakiguswa na oksijeni. Wengine wanataka chakula ambacho hakuna aliyefikiria kuwawekea. Akkermansia muciniphila, aliyeelezwa mwaka 2004 na watafiti wa Wageningen, Uholanzi, alipatikana kwa sababu waliweka kwenye chombo protini ya ute wa utumbo na si kingine, wakasubiri kuona nani atakula.

Wakati mwingine kinachokosekana ni subira. Robin Warren na Barry Marshall, pale Perth, Australia, walikuwa wakiona bakteria wa ond kwenye vipande vya tumbo la wagonjwa, lakini sahani zilibaki tupu. Utaratibu ulikuwa kuzitupa baada ya siku mbili hivi. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982 zikasahauliwa kwenye joto kwa siku kadhaa zaidi, na zilipofunguliwa, koloni zilikuwepo. Leo tunamwita Helicobacter pylori, msababishi mkubwa wa vidonda vya tumbo, na wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Hata yeye hakupata jina sahihi mara moja. Aliwekwa kwanza kwenye jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, ya Campylobacter kwa kufanana nayo, na mwaka 1989 akahamishiwa jenasi yake mwenyewe.

Kiitikio na beti

Njia ya nyayo ilifunguliwa na Carl Woese wa Chuo Kikuu cha Illinois. Alitafuta kitu ambacho kila kiumbe hai anacho, kinachofanya kazi ileile kwa wote, na kinachobadilika polepole mno. Alikipata kwenye ribosomu, kiwanda cha seli cha kutengeneza protini. Mwaka 1977, yeye na George Fox walitumia sehemu hiyo kuonyesha kwamba viumbe fulani vilivyodhaniwa kuwa bakteria ni tawi jingine kabisa la uhai, linaloitwa arkea.

Jeni inayotumika kwa bakteria inajulikana kama 16S, na ina herufi kama 1,500. Uzuri wake ni mpangilio. Fikiria wimbo wenye kiitikio na beti. Kiitikio cha 16S karibu kinafanana kwa bakteria wote, kwa sababu kikibadilika ribosomu inaharibika na seli inakufa. Katikati ya viitikio kuna beti tisa zinazoruhusu mabadiliko, na humo kila ukoo umeandika maneno yake. Kwa hiyo huhitaji kumjua bakteria kabla ya kumsoma. Unatengeneza vipande vifupi vya DNA vinavyoshika kwenye kiitikio, unatumia PCR, mbinu ya maabara ya kunakili DNA, kurudufu kilichopo katikati mara mamilioni, kisha unasoma beti. Hata kama hakuna aliyewahi kumwotesha, wimbo wake unasikika.

Ugonjwa wa Whipple unaonyesha nguvu ya njia hii. Ulielezwa mwaka 1907, na bakteria walionekana kwenye utumbo wa wagonjwa, lakini hakuna aliyeweza kuwaotesha. Mwaka 1992 beti zake za 16S zilisomwa moja kwa moja kutoka kwenye nyama ya mgonjwa, na undugu wake ukajulikana. Koloni ya kudumu maabarani ilipatikana mwaka 2000. Tropheryma whipplei alikuwa na ukoo unaojulikana miaka minane kabla hajashikwa.

Sasa, nyayo mbili zitofautiane kiasi gani ndipo tuseme ni wanyama wawili? Mwaka 1994 ilipendekezwa kwamba zikifanana chini ya asilimia 97, basi ni spishi mbili. Baadaye kizingiti kikapandishwa hadi karibu asilimia 98.7. Kwa jeni ya herufi 1,500 hiyo ni tofauti ya herufi 20 hivi. Angalia maana yake: sampuli ileile, DNA ileile, ikihesabiwa kwa vizingiti viwili tofauti, inatoa idadi mbili tofauti za "spishi". Ukisoma mahali kwamba mtu ana spishi kadhaa mwilini, swali la kwanza ni zimehesabiwa kwa kizingiti gani.

Nyayo zinazodanganya

Na nyayo zenyewe zinaweza kuwa za uongo. Wakati wa PCR, kunakili kukikatika katikati, kipande kilichokatika kinaweza kunasa kwenye DNA ya bakteria mwingine na kumaliziwa huko. Unapata wimbo wenye nusu ya beti za huyu na nusu za yule, kiumbe asiyewahi kuishi, na kwenye kompyuta anaonekana mpya kabisa. Tena bakteria mmoja anaweza kubeba nakala kadhaa za jeni hii. Escherichia coli anazo 7, na nakala za bakteria mmoja si lazima zifanane herufi kwa herufi.

Kinachonisumbua zaidi ni uchafu. DNA haipo kwenye sampuli tu. Ipo kwenye maji ya maabara, kwenye dawa za kusafishia DNA, kwenye vidole vya anayefanya kazi. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walifanya jaribio zuri sana: walichukua bakteria mmoja tu aliyejulikana, Salmonella bongori, wakamzimua mara kumi, kisha mara kumi tena, na tena, na kila hatua wakasoma DNA. Mwanzoni walimwona yeye karibu peke yake. Kadiri alivyopungua, wageni walitokea, wengi wakiwa bakteria wa udongo na maji, mpaka mwishoni wageni wakawa ndio wengi. Hao wote walitoka kwenye vifaa vya kazi.

Sehemu zenye bakteria tele, kama kinyesi, zinaweza kuvumilia uchafu kidogo. Sehemu zenye bakteria wachache haziwezi. Ndiyo maana nikisoma kwamba bakteria wapya wamepatikana kwenye kiungo kilichodhaniwa kuwa safi, natafuta kwanza kama watafiti walipitisha kichupa kitupu kwenye hatua zote zilezile, na walikuta nini ndani yake. Pasipo kichupa kitupu, sichukui habari hiyo kwa uzito. DNA pia haisemi kama mwenyewe yu hai. Seli iliyokufa inaacha nyayo kama iliyo hai.

Kusoma kitabu kizima

Jeni moja ikikosa kutofautisha, husomwa jenomu yote, yaani DNA nzima ya kiumbe. Zamani, kwa kanuni ya mwaka 1987, DNA za bakteria wawili zilichanganywa na kuangaliwa zinashikamana kiasi gani, na asilimia 70 ikawa mpaka. Leo kompyuta inalinganisha jenomu mbili herufi kwa herufi pale zinapofanana na kutoa wastani. Ukivuka asilimia 95 au 96, kwa kawaida ni spishi moja.

Kipimo hiki kimefichua mambo ya aibu kidogo kwa majina ya zamani. Shigella, wa kuhara damu, akipimwa hivyo anaingia ndani ya Escherichia coli. Kisayansi ni spishi moja. Jina halijafutwa kwa sababu madaktari wamelizoea kuwa onyo la ugonjwa mkali, na kulibadilisha kungeweza kuleta makosa wodini. Nakubaliana na uamuzi huo. Jina la bakteria lina kazi zaidi ya kuchora ukoo.

Kinyume chake pia hutokea. Prevotella copri wa utumboni alihesabiwa kuwa spishi moja kwa miaka mingi, na jenomu zilipokusanywa za kutosha akaonekana kuwa kundi la spishi kadhaa chini ya jina moja.

Jenomu siku hizi zinaweza kujengwa bila kuotesha chochote. DNA yote ya sampuli inakatwakatwa, inasomwa, kisha kompyuta inaunganisha vipande vinavyoonekana kuwa vya mwenye mmoja. Ni kama kurarua vitabu 500 kwenye gunia moja na kuvirudisha kurasa kwa kurasa. Mwaka 2019 kazi moja ya aina hiyo ilijenga jenomu zaidi ya 154,000 kutoka kwenye sampuli zaidi ya 9,000 za mwili wa binadamu, zikaangukia kwenye makundi 4,930 ya kiwango cha spishi. Asilimia 77 ya makundi hayo hayakuwa na jenomu kwenye hazina za umma za DNA. Hao wapya walionekana zaidi kwa watu ambao sayansi ilikuwa haijawafikia sana. Mwaka 2023, uchunguzi wa Wahadzabe wa Tanzania, walio wawindaji na wakusanyaji, pamoja na watu wa Nepal na California wa kulinganishwa nao, ulitoa jenomu 91,662 za bakteria, virusi vyao na viumbe wengine wa utumboni, na asilimia 44 hazikuwa kwenye hazina zilizokuwapo. Orodha ya "bakteria wa binadamu" tuliyokuwa nayo ilikuwa orodha ya binadamu wachache.

Kupewa jina

Hata ukiwa na jenomu kamili, jina rasmi ni jambo jingine. Orodha ya majina ya bakteria ilianzishwa upya tarehe 1 Januari 1980, na majina mengi ya awali yasiyokuwa na ushahidi wa kutosha yakaachwa nje. Siku hizi, anayeleta spishi mpya lazima aieleze, ailinganishe na jamaa zake wa karibu, na aweke mfano hai wa bakteria huyo kwenye hazina mbili zilizo katika nchi mbili tofauti, ili mtu yeyote aweze kuuomba na kuupima mwenyewe. Asiyeoteshwa anapewa cheo cha Candidatus, neno la Kilatini lenye maana ya mgombea. Mwaka 2022 ulianzishwa utaratibu mwingine, SeqCode, unaoruhusu jenomu yenyewe isimame badala ya mfano hai. Wako wanaoukubali na wako wanaoukataa, na mabishano hayajaisha.

Mimi naupenda mfano hai. Sababu yangu ni Staphylococcus lugdunensis, aliyepewa jina mwaka 1988 kwa heshima ya Lyon, mji ulioitwa Lugdunum kwa Kilatini. Mwaka 2016 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walimwotesha karibu na bakteria wengine wa puani, wakaona anamzuia Staphylococcus aureus, bakteria anayeweza kuleta magonjwa, kuota. Ndani yake wakapata dawa ya kuua bakteria ambayo haikuwa ikijulikana, wakaiita lugdunini. Jeni zake zinaweza kusomwa na kompyuta, lakini mapigano yale yalionekana kwenye sahani.

Basi kazi ya kuotesha imerudi kwa nguvu. Mwaka 2012 maabara ya Marseille, Ufaransa, ilijaribu hali 212 tofauti za joto, hewa na chakula kwa sampuli chache za kinyesi, ikapata spishi 340, na 31 kati yake zilikuwa mpya. Maelfu ya koloni yalitambuliwa kwa mashine inayopiga koloni kwa leza na kupima uzito wa protini zake. Mashine ikishindwa kumtambua bakteria, ndipo jeni yake ya 16S inasomwa.

Lakini kuna mmoja aliyekataa hata hapo. Kundi la TM7 lilijulikana tangu mwaka 1996 kwa DNA iliyotoka kwenye bwawa la mboji Ujerumani, na baadaye nyayo zilezile zikaonekana mdomoni mwa watu, mara kwa mara, bila mwenyewe. Watafiti walizisoma beti zake za 16S kwa makini, wakaona zina mabadiliko ya aina inayoifanya ribosomu isidhurike na dawa ya streptomaisini. Wakaweka dawa hiyo kwenye chombo chenye mate, ili wengine wafe na yeye abaki. Mwaka 2015 wakatangaza kwamba wamempata. Ni mdogo mno, jenomu yake ina herufi kama 705,000 tu, na anaishi amegandia juu ya bakteria mwingine wa mdomoni, Actinomyces odontolyticus, akimnyonya. Kila aliyewahi kuchora mistari kwenye sahani ili kupata koloni safi alikuwa akimtenganisha na chakula chake, na kumuua.